Ndugu Yako Kakamatwa Nchi ya Watu: Jinsi ya Kuufikia Ubalozi na Nini cha Kuutegemea

Simu huingia usiku, kwa namba ndefu usiyoijua. Sauti ya mdogo wako, au ya mwanao, au ya mume wako, inasema maneno machache: nimekamatwa, niko polisi, nisaidieni. Kisha laini inakatika. Unapiga tena, haipokelewi. Kuanzia hapo nyumba nzima haipati usingizi, na kila aliyepo ana ushauri wake: tuma pesa, mtafute mkubwa fulani, andika mtandaoni, ngoja kwanza kupambazuke.

Pa kuanzia ni ubalozi. Lakini ingia ukijua mambo mawili ambayo watu wengi huyajua wakiwa wamechelewa. La kwanza, mara nyingi ubalozi haujui kwamba raia wake kakamatwa mpaka yeye mwenyewe aombe ujulishwe, au ndugu wauambie. La pili, ubalozi hauna uwezo wa kumtoa mtu mahabusu. Ulichonacho ni haki ya kuingia, kumwona, kuzungumza naye, kumtafutia wakili na kuwafanya walinzi wajue kwamba mtu huyu ana wenyewe. Ukiwa hujawahi kufungiwa ugenini unaweza kudhani hayo ni madogo.

Hatua ya kwanza: shika kalamu kabla ya simu

Usipige ubalozini ukiwa na kilio peke yake. Afisa wa zamu anahitaji vitu vya kuandika, na ukimpa vya kutosha anaweza kuanza kumtafuta mtu wako usiku huohuo badala ya kukurudia kwa maswali siku tatu. Chukua daftari moja, si vipande vya karatasi vitakavyopotea, na uandike yafuatayo.

Jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Nalisisitiza hili kuliko yote. Nchi nyingi humsajili mahabusu kwa jina la mwisho, nyingine kwa jina la kwanza, na nyingine huandika wanavyolisikia kwa masikio yao. Mtu aliyeitwa Juma maisha yake yote anaweza kuwa ndani kwa jina la babu yake, lililokosewa herufi mbili. Ubalozi ukiuliza magereza, unajibiwa kwamba hakuna mtu kama huyo. Kwa hiyo andika na namna nyingine ambazo jina lake huandikwa, majina aliyowahi kutumia, na jina la baba na la mama.

Halafu tarehe na mahali alipozaliwa, namba ya pasipoti, na picha ya ukurasa wa pasipoti wenye sura yake kama mnayo. Mji alipokamatwa na kituo alichotaja. Waliomkamata ni akina nani: polisi, uhamiaji, forodha, jeshi? Tuhuma, kama ameambiwa. Saa simu ilipoingia na namba iliyotumika, maana namba hiyo huenda ni ya kituo chenyewe, na afisa wa ubalozi anaweza kuifuatilia. Dawa anazotumia. Kama ana uraia wa nchi nyingine. Kama alisafiri na mtoto, na mtoto huyo yuko wapi sasa.

Ikitokea umempata kwenye simu kwa nusu dakika, usimuulize amefanya nini. Simu za mahabusu husikilizwa au kurekodiwa, na jibu lake linaweza kusomwa mahakamani. Muulize yuko wapi hasa, kisha mwambie mambo mawili: aombe ubalozi ujulishwe, na asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Basi.

Ukiwa wewe ndiye uliye ndani

Kuna sentensi moja ya kujifunza kwa lugha ya kila nchi unayokwenda, kabla hujapanda ndege: "Mimi ni raia wa nchi fulani, naomba ubalozi wangu ujulishwe." Itamke kwa adabu, bila kupayuka, kwa askari aliyekukamata. Itamke tena kwa anayekuandikisha kituoni, kwa mpelelezi, kwa daktari wa gereza na kwa hakimu siku utakapofikishwa mbele yake. Usidhani uliyemwambia mwanzo amewaambia wenzake. Ukipata karatasi, iandike, utie tarehe na jina la uliyemkabidhi.

Nguvu ya sentensi hiyo inatoka kwenye Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli (yaani kazi ya balozi ya kuhudumia raia wake walio ugenini) wa 1963, ambao zaidi ya nchi 170 zimejiunga nao. Ibara ya 36 ndiyo ya kukariri. Inasema kwamba mgeni akikamatwa, akiwekwa rumande au akizuiliwa kwa namna yoyote nyingine, wenye mamlaka wanatakiwa wamwambie bila kuchelewa kwamba ana haki ya ubalozi wake kujulishwa. Akiomba, waujulishe bila kuchelewa. Na barua yake kwenda ubalozini waipeleke bila kuchelewa. Maneno hayo, "kwa namna yoyote nyingine," yana uzito. Kizuizi cha uhamiaji kimo. Aliyezuiliwa uwanja wa ndege kwa siku kadhaa yumo. Aliyefungiwa hospitali ya akili kwa amri ya serikali naye yumo.

Bila kuchelewa maana yake nini? Mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika kesi ya Avena ambayo Mexico iliishtaki Marekani, ilisema si lazima iwe dakika ileile ya kukamatwa wala kabla ya mahojiano. Wajibu wa kumweleza mtu haki yake unaanza pale askari wanapotambua kwamba ni mgeni, au wanapokuwa na sababu ya kudhani hivyo. Ndiyo maana ukikaa kimya kuhusu uraia wako unajichelewesha mwenyewe. Sema wewe ni wa wapi.

Baadhi ya nchi zina mikataba yao ya pembeni inayokwenda mbali zaidi, ambapo ubalozi hujulishwa hata kama aliyekamatwa hakuomba, na ndani ya siku zilizotajwa. Mkataba wa kikonseli wa 1964 kati ya Marekani na Muungano wa Sovieti, kwa mfano, uliweka siku moja hadi tatu za kujulisha na siku mbili hadi nne za kuruhusu ziara. Huna haja ya kujua mikataba yote hiyo. Afisa wa ubalozi anajua upi unamhusu.

Kuhusu sahihi: maji yakimwagika hayazoleki. Maelezo uliyoyatia sahihi kwa lugha usiyoisoma yatakufuata hadi rufaa. Omba mkalimani. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 14, unampa mshtakiwa asiyejua lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Wakikulazimisha kutia sahihi, andika kwa lugha yako pembeni kwamba hukuielewa karatasi. Na kama umepigwa, kumbuka siku, saa, na sura au namba ya beji. Hayo utamweleza afisa wa ubalozi akija.

Kuna wanaotakiwa kufikiri mara mbili kabla ya kuuita ubalozi wao. Aliyekimbia serikali ya nchi yake hana sababu ya kuiambia alipo. Haki hii ni yake mtu, na anaweza kuikataa. Mkataba wenyewe unasema konseli, yaani afisa wa ubalozi anayehudumia raia, asichukue hatua kwa ajili ya mtu anayempinga waziwazi. Mkimbizi au anayetafuta hifadhi aombe badala yake UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, lijulishwe, na aseme wazi kwamba anaogopa kurudishwa.

Hatua ya pili: ofisi ipi upige

Nchi inaweza kuwa na ubalozi mmoja katika mji mkuu na ubalozi mdogo katika miji mingine, na kila ofisi ina eneo lake. Aliyekamatwa mji wa bandarini, kilomita elfu moja kutoka mji mkuu, huenda yuko chini ya ubalozi mdogo ulio karibu naye. Ukikosea, si balaa, watakuelekeza. Wakati huohuo piga Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi yenu, idara inayoshughulikia raia walio nje. Balozi nyingi zina namba ya dharura ya usiku na siku za mapumziko. Imeandikwa kwenye tovuti yao, au utaisikia kwenye ujumbe wa sauti ukipiga namba ya kawaida.

Na kama nchi yenu haina ubalozi huko? Hapo familia nyingi hukata tamaa bila sababu. Kwanza, mara nyingi balozi aliye nchi jirani ndiye anayeiwakilisha nchi yenu huko pia. Pili, huenda kuna balozi wa heshima, ambaye kwa kawaida ni mfanyabiashara au mwanasheria mkazi wa mji huo. Hana watumishi wengi, lakini anawajua watu wa pale, na mara nyingine hufika kituoni mapema kuliko mwanadiplomasia anayesubiri kibali cha safari. Tatu, Mkataba wa Vienna unaruhusu nchi moja kufanya kazi za kikonseli kwa niaba ya nyingine. Raia wa Umoja wa Ulaya, kwa mfano, anaweza kuomba msaada kwenye ubalozi wa nchi yoyote mwanachama pale ambapo nchi yake haina ofisi. Canada na Australia nazo zina mapatano ya kusaidiana raia. Iulize wizara yenu swali hili moja: "Ni nani anayetuwakilisha kule?"

Hatua ya tatu: ujumbe wa kwanza

Piga, kisha uandike. Maneno ya simu hupotea zamu ikibadilika. Barua pepe inabaki kwenye jalada. Iwe fupi:

"Naomba msaada wa kikonseli kwa raia wetu aliyekamatwa. Jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti ni …, alizaliwa tarehe …, pasipoti namba …. Alipiga simu tarehe …, saa …, kwa namba …. Anasema yuko kituo cha … mjini …. Hajaonana na wakili. Anatumia dawa ya … na haifai kuikosa. Mimi ni dada yake, napatikana kwa namba …. Naomba mthibitishe alipo, mwombe kumtembelea, na mumuulize kama anaridhia mnipe taarifa zake."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Watu hukasirika wanapopiga ubalozini na kuambiwa kwamba taarifa za fulani haziwezi kutolewa. Si jeuri ya afisa. Nchi nyingi zina sheria za faragha, na mtu mzima aliyekamatwa ana haki ya kuamua nani ajue habari zake, hata kama anayeuliza ni mama yake mzazi. Mwingine hataki kabisa nyumbani wajue. Kwa hiyo idhini yake ndiyo inayofungua mazungumzo yenu na ubalozi: afisa akienda kumwona atamwekea fomu, na akishaitia sahihi, mtaanza kupewa habari.

Familia ichague msemaji mmoja. Wakipiga shangazi, kaka, rafiki na mchumba kwa siku moja, kila mmoja na habari yake, afisa anatumia asubuhi nzima kujibu watu wanne badala ya kulipigia gereza. Msemaji ndiye mwenye daftari. Aandike kila mazungumzo: tarehe, aliyezungumza naye, kilichoahidiwa, siku ya kuulizia tena.

Afisa akifika

Ziara ya kwanza huja haraka au huchelewa kutegemea umbali, kibali cha gereza na idadi ya maafisa walio ofisini. Ikifika, kwa kawaida ni fupi, na mara nyingine kuna askari anayesikiliza. Anayesubiri ziara hiyo apange maneno yake. Yaanze ya afya na usalama: amepigwa? anapata chakula na maji? dawa? amewekwa pamoja na watu wanaomtisha? Yafuate ya kisheria: ameambiwa tuhuma gani, amefikishwa mahakamani lini, ana wakili, ametia sahihi nini. Yamalizie ya nyumbani: nani ajulishwe, nani asijulishwe, pango la nyumba, mtoto, kazi.

Kisa chenyewe chote, nani alifanya nini na lini, akiweke kwa wakili. Afisa wa ubalozi si wakili wake, na chumba kile si cha siri.

Kama kuna mateso, aseme, na aseme pia kama anaridhia ubalozi upeleke malalamiko. Maafisa wengi huuliza idhini kabla ya kulalamika kwa sababu anayebaki mle ndani baada ya wao kuondoka ni yeye. Uamuzi huo ni mgumu na sitajifanya nina jibu la wote. Ninachoweza kusema ni kwamba anaweza kumwomba afisa aandike kila kitu leo, na malalamiko yapelekwe akishahamishwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso wa 1984 nao unataka mtu anayeshikiliwa kwa tuhuma za mateso asaidiwe kuwasiliana mara moja na mwakilishi wa nchi yake. Hivyo hata anayetuhumiwa kuwa ndiye mtesaji hanyimwi ubalozi.

Ziara haziishi hukumu ikitoka. Ibara ileile ya 36 inampa konseli haki ya kumtembelea mfungwa anayetumikia kifungo. Mara ngapi kwa mwaka, inategemea taratibu za kila nchi, na nchi maskini wa maafisa hutembelea kwa nadra. Uliza mapema, ili aliye ndani asihesabu siku za ziara isiyokuwepo.

Asichokiweza

Afisa wa ubalozi hawezi kuamuru mtu aachiwe. Hawezi kumlipia dhamana, faini wala wakili, isipokuwa serikali yake iwe na mfuko maalumu, na zilizo nao ni chache. Hawezi kuchunguza kesi, kutoa ushahidi wa tabia njema, kusimama mahakamani kama mtetezi, wala kumdai hakimu upendeleo. Mkataba uleule wa 1963 unamtaka aheshimu sheria za nchi aliyomo na asiingilie mambo yake ya ndani. Akivuka mpaka huo, anaweza kutangazwa kuwa hatakiwi na kuondolewa, na hapo mmempoteza hata wa kuwatembelea.

Lakini kuna eneo kubwa kati ya kumtoa mtu na kumwacha, na hapo ndipo familia inatakiwa kuomba kwa usahihi. Ukiomba "msaidieni" utajibiwa "tunafuatilia." Omba jambo linaloweza kufanywa na kuulizwa matokeo yake: athibitishe gereza alimo, aulize tarehe ya kusikilizwa kesi na ahudhurie kama mtazamaji, aandike barua apimwe na daktari, aulize kwa nini mashtaka hayajasomwa baada ya wiki kadhaa, aombe ahamishwe chumba anachotishwa, apeleke miwani. Hakimu anayeona mtu wa ubalozi amekaa benchi la nyuma haangalii saa kwa namna ileile.

Wakili

Ubalozi huwa na orodha ya mawakili wanaozungumza lugha inayoeleweka. Orodha si dhamana ya ubora, na ubalozi utakwambia hivyo. Pigia watatu. Uliza kila mmoja kama anafanya kesi za jinai hasa, ni lini mara ya mwisho alikwenda kwenye gereza lile, malipo ni ya hatua ipi hadi ipi, na nani atakayekwenda mahakamani, yeye au msaidizi wake. Apate kukuandikia makubaliano. Wakili anayekuahidi matokeo kwenye simu ya kwanza, mshukuru na ukate.

Kama hakuna fedha, uliza kuhusu wakili wa serikali, na uulize mapema, kwa kuwa katika nchi nyingine huteuliwa baada tu ya mashtaka kusomwa. Nchi nyingine pia zina mashirika ya kuwasaidia wafungwa wao walioko nje. Uingereza, kwa mfano, ina shirika la Prisoners Abroad, lililoanza 1978.

Kitu kimoja cha kumnong'oneza wakili: amwombe hakimu aandike kwenye kumbukumbu kama mshtakiwa aliambiwa haki yake ya ubalozi, na siku gani. Baadaye utaona kwa nini.

Pesa, dawa na matapeli

Magereza mengi hayampi mfungwa sabuni wala dawa ya meno ya kutosha, na mengine hata chakula hakitoshi. Njia salama ya kutuma pesa ni ile utakayoelezwa na gereza au ubalozi: akaunti ya mfungwa, duka la gereza, au, kwa baadhi ya nchi, kupitia wizara ambayo huzihamisha kwa ajili yake. Dawa zisitumwe kwa posta bila kuuliza. Dawa ya kawaida nchi moja ni dawa ya kulevya iliyokatazwa nchi nyingine, na kifurushi chako kinaweza kumwongezea shtaka. Tuma cheti cha daktari ubalozini, kikiwa na jina halisi la dawa na kipimo chake, afisa akipeleke kwa daktari wa gereza.

Habari za kukamatwa zikisambaa, matapeli hufika kabla ya wakili. Atapiga mtu anayejiita askari, au karani wa mahakama, au mtu wa ubalozi, na kusema kiasi fulani kikilipwa leo usiku mtu wenu atalala nje. Wakati mwingine anajua jina kamili na kituo, kwa sababu yuko hapohapo kituoni. Usibishane naye. Mwombe jina na cheo, kata simu, kisha upige ubalozini kwa namba uliyoitoa mwenyewe kwenye tovuti rasmi. Na rushwa ya kweli, ile inayopokelewa na askari wa kweli, humwongezea mtu wenu kosa la pili.

Kesi zenye mafundo

Mwenye uraia pacha ndiye anayepata mshangao mkubwa. Akikamatwa katika mojawapo ya nchi zake mbili, nchi hiyo inaweza kumhesabu kuwa raia wake tu na kuuzuia ubalozi wa pili usimwone. Ni kanuni ya zamani. Mkataba wa Hague wa 1930 unasema nchi haiwezi kumpa raia wake ulinzi wa kidiplomasia dhidi ya nchi nyingine ambayo pia ni yake. Bado pigieni ubalozi wa pili. Baadhi hujaribu kwa maombi ya kibinadamu, na mara nyingine pasipoti aliyoingilia nayo nchini ndiyo inayoangaliwa. Akikamatwa nchi ya tatu, achague ubalozi mmoja mapema na aueleze kuhusu ule mwingine.

Mtuhumiwa wa ujasusi hapotezi haki hii. India iliishtaki Pakistan kuhusu Kulbhushan Jadhav, ofisa mstaafu wa jeshi la majini aliyehukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi, na Julai 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema tuhuma za ujasusi haziiondoi ibara ya 36. Kuchelewa wiki tatu kuiarifu India kulihesabiwa kuwa ukiukaji.

Kama kosa linalotajwa lina adhabu ya kifo, sema hivyo kwenye sentensi ya kwanza ya ujumbe wako. Serikali nyingi zilizofuta adhabu hiyo huzipa kesi hizo kipaumbele tofauti kabisa. Mtoto aliyekamatwa, au aliyebaki peke yake baada ya mzazi kukamatwa, naye atajwe mwanzo. Mkataba unawataka wenyeji waujulishe ubalozi pale inapohitajika kuteua mlezi.

Wakikataa kumruhusu

Ubalozi ukinyimwa ziara, una ngazi zake: simu kwa mkuu wa gereza, barua rasmi kwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo, kisha balozi mwenyewe kuonana na wakubwa, na mwisho mazungumzo kati ya miji mikuu miwili. Kazi ya familia ni kuuliza wako ngazi ipi. "Mmeandika barua rasmi? Tarehe gani? Mmejibiwa?" Maswali matatu, kila wiki, bila matusi.

Anayenyima anaweza kudai kwamba ubalozi ulikwishajua kwa njia nyingine, kwa hiyo hakuna kosa. Hoja hiyo ilikwisha kukataliwa. Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara wa Guinea aliyekuwa akiishi Kongo ya Kinshasa (Zaire ya wakati ule), alikamatwa 1995 na kufukuzwa nchini Januari 1996. Mwaka 2010 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba wajibu wa kumweleza mtu haki yake ni wa wanaomshika, na kwamba ubalozi kujua kwa njia zake hakufuti kosa. Mwaka 2012 Kongo iliamriwa kulipa dola 95,000.

Lakini usimpe mtu wako matumaini ya uongo. Haki hii ikivunjwa, kesi haifutiki kwa hilo pekee. Ndugu wawili Wajerumani, Karl na Walter LaGrand, walihukumiwa kifo Arizona bila kuelezwa haki yao, na walitekelezewa adhabu hiyo mwaka 1999. Mahakama ya kimataifa ilitoa uamuzi wa kuwaunga mkono 2001. Katika kesi ya Avena iliyohusu watu zaidi ya hamsini, kilichoamriwa ni hukumu zao zipitiwe upya, si waachiwe. Ndiyo maana ile kumbukumbu ya hakimu siku ya kwanza ina thamani: jambo lililolalamikiwa mapema hupata wa kulisikiliza kwenye rufaa, la kuchelewa huambiwa limepitwa na wakati.

Twende mtandaoni?

Watu hukimbilia huko siku ya kwanza. Mimi ningengoja. Kwa kesi ya kawaida ya jinai kelele huweza kumkera hakimu, kumwaibisha aliye ndani ambaye huenda hakutaka ijulikane, na kuwapa waendesha mashtaka picha na maneno yenu ya kutumia. Kwa mtu aliyepotezwa, ambaye serikali inakana kumshikilia, hali ni kinyume: kimya ndicho kinachomwangamiza, na jina lake linatakiwa litajwe. Mwulizeni wakili kwanza, na aliye ndani kama anafikika.

Hukumu ikishatoka

Akifungwa, ulizeni kama nchi mbili zina makubaliano ya kuhamisha wafungwa. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa 1983 uko wazi hata kwa nchi zisizo za Ulaya, na masharti yake yanafanana na ya mikataba mingi: hukumu iwe ya mwisho, kosa liwe kosa katika nchi zote mbili, kiwe kimebaki angalau kifungo cha miezi sita, na nchi zote mbili pamoja na mfungwa wakubali. Neno "hukumu iwe ya mwisho" lina mtego: rufaa ikiwa bado inasubiri, ombi halisogei. Wakili apige hesabu kabla ya kukata rufaa isiyo na nguvu. Uhamisho huchukua muda mrefu, kwa hiyo mwenye kifungo kifupi huenda akamaliza kabla karatasi hazijasainiwa.

Akiachiwa, msishangae akitoka gereza moja akaingia kizuizi cha uhamiaji. Kibali chake cha kukaa kimeisha akiwa ndani, na kinachofuata ni kurudishwa kwao. Kinachowaweka watu humo kwa wiki nyingi mara nyingi ni karatasi tu: pasipoti imepotea au imekwisha muda. Mwombeni konseli hati ya dharura ya kusafiria mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kuachiwa, si baada ya hapo, na mpeleke picha, cheti cha kuzaliwa na uthibitisho wa nauli kwa pamoja. Aliyeachiwa naye, kabla hajavuka lango la gereza, adai nakala ya hati ya kuachiwa, pesa zilizobaki kwenye akaunti yake, simu yake na pasipoti, na kama pasipoti imebaki mahakamani, aandikiwe karatasi inayosema iko kwa nani.